Mlango wa Nane: Barua Niliyomwandikia Mheshimiwa

Kila asubuhi, kabla sijafungua dirisha la duka, huwa natoa nakala ya shahada yangu.

Si kwamba kuna mtu ameiomba. Mashine ya fotokopi ikilala imezimwa huamka na ukungu, na karatasi ya kwanza lazima iwe ya majaribio. Karatasi pekee isiyokosekana kwenye mkoba wangu ni hiyo: Shahada ya Usimamizi wa Biashara, daraja la pili la juu, jina langu katikati kwa herufi za kujipinda.

Nafuta kioo. Naweka cheti. Nabonyeza. Mwanga unapita chini ya mfuniko, unatokea upande wa pili. Nakala ikitoka safi, naitupia kwenye rundo la karatasi chakavu. Mama Wino, mwenye duka, huzitumia kufutia mikono.

Mwaka wa tatu sasa Mama Wino anafutia mikono shahada yangu.

Alhamisi ile mwanga ulikuwa umefika katikati ya kioo simu yangu ilipoita.

“Wewe ndiye uliyeomba nafasi ya afisa utawala, kiwanda cha magodoro?”

“Mimi?”

“Sasa nimpigie nani nimuulize kama ni wewe?”

“Ndiyo. Ni mimi.”

“Kuna mtu amejitoa kwenye usaili. Unaweza kufika leo saa nne?”

Ilikuwa saa mbili kasoro robo. Nilitaka kusema ndiyo. Nikasema, “Samahani.”

“Samahani ya nini tena? Unakuja au huji?”

“Nakuja.”

Kwa uliyeshika gazeti hili leo kwa mara ya kwanza, nikujuze kwa ufupi. Mwalimu wetu wa chuo alituambia mwenye shahada hii hana mlango mmoja, ana milango kumi: benki, bima, masoko, manunuzi, bohari, rasilimali watu, na mingine aliyoihesabu kwa vidole mpaka vikaisha. Mimi nimebisha saba. Benki waliniweka miezi mitatu, mkataba ukaisha kama mshumaa. Bima walinitaka nikagonge nyumba za watu. Nilikuwa nikifika mlangoni naomba Mungu wenyewe wasiwepo. Kampuni ya masoko nilifika siku ya kwanza kazini nikakuta ofisi imehamishwa, hata balbu hawakuacha. Ya manunuzi, wasomaji wa zamani mnaijua, niliililia ukurasa mzima.

Nikaishia kwa Mama Wino, kuchapa na kutoa nakala. Na hapo ndipo nilipogundua kitu kimoja ninachokiweza kuliko wenzangu: kuandika barua za maombi ya kazi. Za watu wengine.

Mhitimu anakuja, anakaa kwenye kiti cha plastiki, nauliza swali moja moja. Ulifanya nini fildi, kwenye mafunzo ya vitendo? Nani alikushukuru? Ulikosea wapi? Wakijibu, naandika. Wanane wamepata kazi kwa barua zangu. Mmoja yuko benki ileile iliyonitoa mimi.

“Kinyozi hajinyoi,” Mama Wino husema. “Lakini wewe, binti, hata kwenye kioo hujitazami.”

Mhitimu wa tisa alikuwa Mheshimiwa.

Tulisoma darasa moja. Jina hilo tulimpa sisi, kwa kuwa hata akiomba kuazima rula alisimama kama anachangia hoja bungeni. Mimi akaniita Kalamu, kwa sababu nilikuwa naandika sana na sisemi. Miaka mitatu ya chuo, yeye peke yake ndiye aliyekuwa akinisalimia kila siku bila kukosa. Mtu wa kusalimiwa na wengi hawezi kujua salamu moja ina uzito gani.

Miezi miwili iliyopita alikuja dukani anataka barua ya kuomba usimamizi wa bohari, kampuni ya vinywaji. Nikamuuliza, fildi ulifanya nini?

“Kalamu, usinitie aibu. Nilikuwa nabeba chai.”

“Zaidi ya chai?”

“Na vikombe.”

Akacheka, kisha akaacha kucheka ghafla. Akasema baba mkwe wake mtarajiwa amempa mpaka mwisho wa mwaka awe na kazi ya kueleweka, la sivyo posa irudi. Akainamisha kichwa. Sijawahi kumwona Mheshimiwa ameinamisha kichwa.

Basi nikampa ya kwangu.

Nilimwandikia mambo niliyofanya mimi fildi, kliniki ya watoto: jinsi kina mama walivyokuwa wakisubiri kadi tangu alfajiri mpaka adhuhuri, jinsi nilivyokaa wiki nzima kwenye benchi lao kutazama kinachowachelewesha, jinsi nilivyoondoa mpangilio wa namba nikazipanga kadi kwa mwezi aliozaliwa mtoto, kila mwezi na boksi lake. Kufikia saa tatu na nusu asubuhi benchi likawa tupu. Ndicho kitu kizuri pekee nilichowahi kukifanya kwa elimu yangu. Nikakigonga muhuri wa jina la mtu mwingine.

Ilipofika zamu ya kuandika barua yangu ya kiwanda cha magodoro, nilikaa mbele ya mashine ya kuchapia nusu siku. Kitu ukishampa mtu si chako tena, au ndivyo nilivyolelewa. Kliniki nikaiacha kwenye wasifu kwa mstari mmoja tu, mahali na miezi. Barua yenyewe ikawa na sentensi nne, ya mwisho ikiwa “Asante.” Wiki iliyopita niliwaacha, wasomaji, nikiitumbukiza kwenye sanduku la getini.

Sasa wamenipigia.

Mama Wino aliingia akanikuta nimesimama na simu mkononi, cheti bado kiko ndani ya mashine.

“Nani kafa?”

“Wameniita usaili. Leo. Saa nne.”

“Na umesimama hapo unasubiri saa nne ikufuate?” Akanitazama mikono. Pindo za blauzi zilikuwa nyeusi kwa wino. “Vua. Vaa koti langu.”

“Mama, litanimeza.”

“Bora likumeze wewe kuliko wao. Vaa!”

Nilitoa cheti kwenye mashine, nikakitia kwenye bahasha, nikalivaa koti. Mabega yalishuka mpaka karibu na viwiko. Nikajigeuza kutazama kama kwa nyuma limekaa sawa, lakini Mama Wino alikuwa ameshageukia mteja wa kwanza.

Njiani nilitoa simu nimwambie mtu. Nikapandisha majina, nikayashusha. Mama yangu anaamini nina ofisi tangu mwaka juzi. Nitamwambiaje naenda kuomba kazi? Dada zangu wangemwambia mama. Wale wanane niliowaandikia, hakuna hata mmoja aliyewahi kuipiga namba yangu akishapata kazi. Nikarudisha simu mkobani.

Kiwandani karani wa mapokezi alinipa kikaratasi chenye namba tano, akaninyooshea kidole kwenye korido. Kulikuwa na benchi moja refu. Kwenye benchi, tai nyekundu, viatu vinang’aa, alikaa Mheshimiwa.

“Kalamu!” Alisimama kabisa. “Ama kweli Mungu si Athumani! Umeleta nakala zao?”

Nilikuwa nimeshika bahasha kubwa ya vyeti vyangu. Na koti lile, nadhani lilimkamilishia picha ya mhudumu wa duka aliyeleta kazi ya mteja.

Msomaji wangu, hapo ndipo ningesema. Neno moja tu. Hapana.

“Ndiyo,” nikasema. “Nimeleta karatasi.”

“Ndiyo maana nakupenda, hulali. Kaa hapa, kaa. Unajua barua yako ni dawa? Wale wa vinywaji walininyima, lakini nimebadilisha kichwa cha habari tu nikaileta huku, wameniita! Nafasi ya afisa utawala!”

Nikakaa. 

“Afisa utawala,” nikarudia.

“Hiyohiyo. Sasa sikia, umekuja wakati mwafaka. Nikumbushe ile kliniki. Walikuwa kina mama au wazee?”

“Kina mama. Wenye watoto wa kupima uzito.”

“Na yale maboksi?”

“Kumi na mawili. Kwa mwezi wa kuzaliwa.”

“Kwa nini isiwe kwa jina?”

“Kwa sababu majina yao yanafanana, na wengine wanaandikwa kwa jina la mume leo, la baba kesho. Lakini mwezi aliojifungua, mama hausahau.”

“Aisee.” Alinitazama kwa mshangao wa kweli. “Wewe ulipaswa kuwa mtu mkubwa, Kalamu.”

Alisema kwa moyo mweupe, ndiyo maana iliuma. Nikamweleza yote. Benchi lilikuwa refu kiasi gani. Nesi mkuu alisema nini. Nikamfundisha hata pa kutua apumue. Nilikuwa namlisha kijiko kwa kijiko, na sahani ilikuwa yangu.

Mlango ukafunguliwa. Karani akachungulia.

“Namba nne na namba tano. Mnaingia pamoja.”

Mheshimiwa akasimama, akavuta tai. Akatazama korido kumtafuta namba tano. Hakukuwa na mtu mwingine.

Nikasimama na mimi.

Aliniangalia usoni, akashuka mpaka kwenye kikaratasi mkononi mwangu, akarudi usoni.

“Kalamu,” akanong’ona, “mbona hukusema?”

Swali hilo nimeulizwa maisha yangu yote. Nikamfuata karani.

Chumbani walikuwa wawili. Mkuu wa rasilimali watu, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa mnyororo, na meneja wa uzalishaji, baba mmoja mnene mwenye vumbi la sponji kwenye nywele, kama aliyenyeshewa theluji upande mmoja. Mezani walikuwa na mafaili mawili tu.

“Kaeni,” alisema mama wa miwani. “Tumewaingiza pamoja kwa sababu. Barua ya namba nne inaeleza kazi aliyoifanya kliniki fulani. Wasifu wa namba tano unataja kliniki hiyohiyo, miezi hiyohiyo. Tukasema hawa walifanya kazi pamoja, tuwasikie wote. Namba nne, anza.”

Mheshimiwa alianza. Jamani, mpeni mtu haki yake: ile hadithi aliisema vizuri kuliko ningeweza kuisema mimi hata kwa miaka kumi. Alitua nilipomwambia atue. Benchi likaonekana mle chumbani, watoto wakalia, maboksi yakapangwa. Meneja alikuwa akitikisa kichwa kukubali. Nikasikiliza maisha yangu yakitoka kwenye kinywa cha mtu, yamepigwa pasi, yanapendeza, na mimi nimekaa pembeni ndani ya koti la kuazima kama mgeni aliyekosea msiba.

“Vizuri,” alisema mama wa miwani. “Swali moja. Kabla hujafika, zile kadi zilikuwa mikononi mwa nani?”

Mheshimiwa akapepesa macho. “Mtunza kadi, mama.”

“Ulipobadilisha kazi yake, alisemaje?”

“Alifurahi sana.”

“Alifurahi.”

“Alinikumbatia, mama. Akasema hajawahi kuona kijana mwenye maono.”

Meneja akaacha kutikisa kichwa. Akapangusa sponji kwenye sikio. “Kijana, mimi nina watu kumi na mmoja bohari. Mdogo wao ana miaka tisa kwenye kiti chake. Afisa tutakayemwajiri, kazi yake ya kwanza ni kuwahamisha. Hakuna atakayemkumbatia. Ndiyo maana mama anauliza.”

Mama wa miwani akanigeukia. “Na wewe, namba tano. Ulikuwepo?”

“Nilikuwepo.”

“Sauti.”

“Nilikuwepo, mama.”

“Ukifanya nini?”

Mheshimiwa hakunitazama. Lakini niliona goti lake chini ya meza linacheza, na nikafikiria mzee wa watu mahali fulani anayehesabu miezi ya posa.

“Tulikuwa wote,” nikasema. “Tulisaidiana.”

Goti likatulia.

“Ahaa.” Akafungua faili la namba nne. “Mbona hapa naona ‘nilikaa benchini’, ‘nilipanga’, ‘niligundua’? Hakuna ‘sisi’ hata mahali pamoja.”

“Ni uandishi tu, mama,” Mheshimiwa akadakia. “Kalamu, yaani mwenzangu huyu, ni mtu wa nyuma ya pazia. Si msemaji. Mimi ndiye niliyekuwa mbele.”

“Sijakuuliza wewe. Namba tano, yule mtunza kadi alifurahi?”

Jambo hilo sikuliandika kwenye barua. Hata koridoni sikumfundisha. Ndilo pekee nililobaki nalo, na nilibaki nalo kwa sababu si la kujisifia.

“Hapana, mama.”

“Alisemaje?”

“Alikuwa mzee. Alikaa kwenye lile dirisha miaka ishirini na miwili. Kadi alizijua kwa kichwa. Kina mama walipokuwa mia, mama akitokeza uso tu anapewa kadi yake. Walipofika mia sita akawa anakumbuka nusu, nusu nyingine wanasubiri, na yeye anatokwa jasho.” Nikasikia sauti yangu inaendelea, nikaiacha. “Siku ya pili ya maboksi hakuja dirishani. Nesi mkuu akasema mwacheni, atazoea. Nilimkuta nyuma ya jengo, kwenye kamba za kuanikia mashuka, amekalia ndoo iliyopinduliwa. Ufunguo wa dirisha ameushika mkononi. Akaniambia, ‘Binti, umenistaafisha bila barua.’”

Meneja akaegemea mbele. “Ukamjibu nini?”

“Sikujibu. Mimi si mwepesi wa kujibu. Nilikaa chini pale. Mashuka yalikuwa yanatudondokea maji. Tulikaa mpaka kengele ya mchana.”

“Halafu?”

“Kesho yake nikamwekea kiti mbele ya maboksi, upande wa kina mama. Kuna waliokuwa wakichanganya miezi, hasa wenye watoto wengi. Yeye akawa anawakumbusha. ‘Wako si alizaliwa wiki ile bomba lilipopasuka? Nenda boksi la tano.’ Walikuwa wakicheka. Na yeye mwishoni alicheka kidogo. Lakini hakunikumbatia, mama. Mpaka naondoka, ufunguo ule hakuutoa mfukoni.”

Nje ya dirisha toroli la magodoro lilipita likilalamika gurudumu.

Mama wa miwani alivua miwani, ikaning’inia kifuani. Alimtazama Mheshimiwa, kisha mimi, kisha lile faili lenye barua nzuri.

“Kwenye kamba za mashuka,” aliuliza polepole, “wewe na mzee mmekaa chini. Mwenzako alikuwa wapi?”

“Nilikuwa...” Mheshimiwa akaanza.

“Namuuliza yeye.”

Mheshimiwa aligeuza shingo. Chini chini, bila kuchezesha midomo, kama tulivyokuwa tukinong’onezana kwenye mitihani, akasema, “Kalamu. Tafadhali. Nakuomba.”

Ilikuwa sauti ileile iliyonisalimia miaka mitatu. Nilijua nikilisema neno, hata salamu hiyo sitaisikia tena, na sina nyingine ya kuweka mahali pake.

“Binti,” alisema mama wa miwani, “tunasubiri.”

Nikaweka bahasha mezani. Nikakunja mikono ya koti la Mama Wino mpaka vidole vyangu vikaonekana.

“Hakuwepo,” nikasema. “Nilikuwa peke yangu. Na kazi hii, mama, naitaka mimi.”